Namba 74: namna ya kusoma ripoti ya kromosomu ya mtoto mwenye saratani ya damu

Mdogo wangu alinitumia picha ya karatasi saa nne usiku. Chini yake ameandika: "Dada, daktari anasema mtoto ana kromosomu nyingi na hiyo ni habari njema. Nifurahi?" Binti yake alikuwa na miaka 12, na ilikuwa siku ya tisa tangu waambiwe kwamba ni lukemia. Mimi riziki yangu kwa miaka 19 imekuwa kuhesabu kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, kwenye hadubini. Niliikuza ile picha kwa vidole, nikaona 74, nikateremka chini nikaona nne, mbili, nne, mbili. Sikumjibu usiku ule.

Tangu wakati huo nimewaelekeza wazazi wengi kuisoma karatasi ya aina ile, wengine kwa simu, wengine tumekaa kwenye ngazi za hospitali. Haya ndiyo ninayowaambia. Ukimaliza hutakuwa daktari, ila utajua cha kuuliza, na yapo maswali ambayo yakichelewa hayana faida tena.

Anza na chupa

Kila mtu hukimbilia mstari wa matokeo. Wewe soma kwanza juu, palipoandikwa aina ya sampuli. Ni uboho, ni damu, au ni kipande cha tezi? Uboho unaovutwa mara ya kwanza ndio wenye seli nyingi. Unaovutwa baadaye huwa umechanganyika na damu ya kawaida, na maabara ikipewa huo hupata shida. Ili tuone kromosomu tunahitaji seli hai zinazogawanyika, kwa hiyo sampuli huja kwenye chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Vipimo vya PCR, vinavyonakili kipande cha DNA mara nyingi ili kionekane, vinataka chupa nyingine, yenye EDTA, kwa sababu heparini huvuruga PCR. Ndiyo maana mtoto huvutwa zaidi ya mara moja. Si uzembe.

Kwenye limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, hatari ni fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili. Nimewahi kupokea tezi ya shingo ya mtoto wa miaka 6, nzuri, kubwa, imezamishwa yote kwenye fomalini. Seli zote zilikuwa zimekufa. Tuliweza bado kufanya FISH, yaani kupaka vipande vya DNA vyenye rangi ya kung'aa ili vishike sehemu tunayoitafuta, lakini ramani nzima ya kromosomu hatukuipata tena. Basi kama mtoto wako bado hajafanyiwa upasuaji wa kutoa tezi, swali la kuuliza ni hili: "Kuna kipande kibichi kitakachotengwa kwa ajili ya kromosomu?" Liulize siku moja kabla.

Sasa mstari wenyewe

Chukua mfano huu:

46,XY,t(9;22)(q34;q11.2)[18]/46,XY[2]

Usome kuanzia kushoto. 46 ni idadi ya kromosomu, na ndiyo idadi ya kawaida ya binadamu. XY ni mvulana. Herufi t inasema kromosomu mbili zimekatika zikabadilishana vipande. Mabano ya kwanza yanataja ni zipi, hapa ya 9 na ya 22. Mabano ya pili ni mahali zilipokatikia: p ni mkono mfupi, q ni mkono mrefu, na namba ni kama namba ya nyumba kwenye mtaa. Mabano ya mraba ni idadi ya seli. Kwa hiyo kati ya seli 20 tulizozitazama, 18 zina kasoro na 2 ni nzima. Alama ya mkwaju hutenganisha kundi moja la seli na jingine.

Ukiona inv, kipande kimegeuzwa ndani ya kromosomu ileile. Del ni kipande kilichopotea. Alama ya kujumlisha mbele ya namba ni kromosomu iliyoongezeka, ya kutoa ni iliyokosekana. Na herufi ndogo c ikiambatana na kasoro yoyote, simama hapohapo. Hiyo c inasema kasoro ni ya kuzaliwa nayo, iko mwili mzima. Tutairudia.

Huo uhamisho wa 9 na 22 ndio uliofungua njia ya kazi yangu. Watafiti wawili, Nowell na Hungerford, waliiona kromosomu ndogo isiyo ya kawaida mwaka 1960 huko Philadelphia, ikapewa jina la mji. Mwaka 1973 mtafiti Janet Rowley akaonyesha kwamba haikukatika tu ikapotea, bali ilikuwa imebadilishana vipande na nyenzake. Mpaka leo kwenye ripoti utaona BCR::ABL1, jeni mbili zilizounganishwa, nukta mbili mara mbili katikati. Mtoto mwenye lukemia ya limfu akiwa nayo, na ni wachache, huongezewa dawa kama imatinibu inayoizima protini hiyo. Zamani kuikuta kwa mtoto ilikuwa habari nzito sana. Mstari uleule, maana imebadilika.

Kuhusu hesabu, kanuni yetu ni hii: kromosomu iliyoongezeka au iliyovunjika lazima ionekane kwenye seli mbili au zaidi ndipo tuiite kundi la ugonjwa, iliyokosekana, seli tatu, kwa sababu kromosomu huweza kuanguka tu tunapoandaa kioo cha hadubini. Ukiona kitu kimetajwa kwenye seli moja, usikeshe nacho.

"Kawaida" si lazima iwe kawaida

Ripoti ikisema 46,XX[20] wazazi hushangilia. Naelewa. Lakini mara nyingi maana yake ni kwamba seli zilizokubali kugawanyika kwenye chupa yetu ni zile nzima, na zile za ugonjwa zimegoma. Au kasoro ipo na jicho halioni. Mfano mkubwa ni t(12;21), inayounganisha jeni ETV6 na RUNX1. Hupatikana kwa karibu robo ya watoto wenye lukemia ya limfu ya seli B, na ni miongoni mwa zenye matumaini mazuri zaidi. Vipande vinavyobadilishana vinafanana mno kwa rangi na ukubwa. Nimeitazama miaka 19 na sijawahi kuiona kwa macho matupu ya hadubini. Huonekana kwa vipimo kama FISH au PCR. CBFA2T3::GLIS2, ya watoto wadogo sana wenye lukemia ya mieloidi, nayo hujificha vivyo hivyo, na hiyo si ya matumaini mazuri.

Kwa hiyo swali la pili la kuuliza: "Mbali na kromosomu, mmefanya kipimo gani kingine, na hicho kisingeweza kuona nini?" Kila kipimo kina upofu wake. FISH huona kile tu ulichokitafuta.

Kilichokuwa kwenye ile 74

Katika lukemia ya limfu ya watoto, kuwa na kromosomu nyingi, 51 hadi 67 hivi, ni ishara njema. Kuwa na pungufu ya 44 ni ishara mbaya. Daktari wa mpwa wangu alikuwa ameona 74 akaiweka upande wa nyingi.

Sasa sikiliza. Seli yenye kromosomu chache, tuseme 37, ina tabia ya kujinakili yote mara mbili bila kugawanyika. Inakuwa na 74. Kwa hesabu imehama kutoka masikini hadi tajiri, lakini ni masikini yuleyule aliyevaa koti la kuazima. Utamtambua kwa kuangalia zimeongezeka vipi. Kwenye wingi wa kweli, kromosomu zilizoongezeka nyingi huwa tatu tatu: ya 4 tatu, ya 10 tatu, ya 17 tatu, ya 21 ndiyo hupenda kuwa nne. Kwenye wingi wa uongo utaona nne na mbili, nne na mbili, kwa sababu palipokuwa na mbili pamekuwa nne na palipokuwa na moja pamekuwa mbili. Ya 17 ikiwa mbili, zote mbili ni nakala ya kromosomu moja.

Sijawacheka wenzangu wa maabara ile. Mwaka wangu wa tatu kazini nilifanya kosa hilohilo, na mkubwa wangu akanirudishia kioo bila neno, ameandika kwa penseli "hesabu tena, sio idadi, jozi". Asubuhi nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia amwombe daktari mambo mawili: seli zaidi zitazamwe, na kifanyike kipimo cha DNA kinachoonyesha kama nakala mbili za kromosomu zinatofautiana au ni moja iliyorudiwa. Walipotazama tena wakapata seli 3 zenye 37. Dawa zilibadilishwa wiki hiyohiyo.

Kama ripoti ya mtoto wako ina idadi kubwa ya kromosomu, uliza hivi tu: "Mmehakikisha si chache zilizojirudufu?"

Majina mengine utakayokutana nayo

Sitayataja yote. Yapo kwenye limfoma ambayo kromosomu ndizo zinazoupa ugonjwa jina. Burkitt, iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, mara nyingi ina t(8;14). Jeni MYC inayoamuru seli kukua huhamishwa hadi jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, na kwenye seli B jeni hiyo haizimwi kamwe. Ni kama kuhamishia kitanda cha mtoto kando ya spika ya harusi. Ipo na limfoma nyingine adimu inayofanana na Burkitt kabisa kwenye kioo, ila MYC yake haijahama na badala yake mkono mrefu wa kromosomu ya 11 umeharibika. Hizo mbili hutenganishwa na jenetiki.

Limfoma ya seli kubwa za T iitwayo anaplastiki huwa na kasoro ya jeni ALK, mara nyingi kwa t(2;5), na kwa watoto ni wachache sana wasio nayo. Hapo napo kuna dawa inayolenga ALK moja kwa moja, krizotinibu. Limfoma ya folikuli kwa mtoto ni jambo jingine kabisa na ile ya watu wazima: haina ule uhamisho wa jeni BCL2, mara nyingi ina mabadiliko ya jeni MAP2K1, na tezi ikitolewa yote mara nyingi matibabu yameishia hapo. Nimeona mtoto aliyekaribia kupewa dawa za mtu mzima kwa sababu tu jina la ugonjwa linafanana.

Watoto walio chini ya mwaka mmoja, tazama kasoro ya jeni KMT2A kwenye 11q23. Wengi wa wenye lukemia ya limfu katika umri huo wanayo, na ni ngumu.

Swali lililo nyuma ya maswali yote

Hakuna mzazi aliyekaa nami ambaye hakuliuliza, wengine kwa sauti ya chini sana: "Ni sisi tuliompa?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Jeni zilizoandikwa kwenye ripoti ni za saratani, si za mtoto. Zilivunjika kwenye seli moja ya uboho, ikazaa wenzake. Hata ile t(12;21), na KMT2A ya vichanga, hutokea mtoto akiwa tumboni, lakini kutokea tumboni si kurithi. Hakuna aliyeitoa kwa mama wala kwa baba. Ilizuka kwenye seli ya mtoto mwenyewe. Ndiyo maana pacha wa kufanana huweza kuugua wote, seli ikiwa imepita kwenye kondo la nyuma wanalochangia.

Lakini wapo wachache ambao kasoro iko mwili mzima, na hao lazima wajulikane, kwa sababu matibabu hugeuka. Mfano unaonishangaza hadi leo ni JMML, lukemia adimu ya watoto wadogo. Jeni PTPN11 ikiwa imebadilika kwenye seli za damu tu, kwa kawaida mtoto huhitaji kupandikizwa uboho. Jeni hiyohiyo ikiwa imebadilika mwili mzima, mtoto ana ugonjwa wa Noonan, na hiyo hali ya damu huweza kutulia yenyewe akifuatiliwa kwa karibu. Jina la jeni ni lile, ugonjwa kwenye kioo unafanana, na mmoja anakwenda kupandikizwa huku mwingine akisubiriwa. Mtoto mwenye Down naye, aliyezaliwa na kromosomu ya 21 tatu, anaweza siku za kwanza za maisha kuwa na damu inayoonekana ya lukemia, yenye mabadiliko ya GATA1, kisha ikaondoka yenyewe. Wachache hurudiwa na lukemia kamili kabla ya miaka minne, na hiyo huitikia vizuri dawa za kipimo kidogo.

Ishara zinazonifanya niseme "ulizeni kuhusu kuzaliwa nayo" ni hizi: madoa mengi ya rangi ya kahawa yenye maziwa kwenye ngozi; mtoto anayeyumba akitembea na mishipa myekundu kwenye weupe wa macho, kwani huenda ni ugonjwa wa kurithi uitwao ataksia telanjiektasia na mionzi humdhuru kupita kiasi; ukoo wenye vigandisha damu vichache tangu utoto, ambako RUNX1 au ETV6 hutafutwa; saratani kwa vijana kadhaa wa ukoo mmoja. Na kromosomu 32 hadi 39, kama za mpwa wangu. Karibu nusu ya watoto wa kundi hilo wamezaliwa na kasoro ya TP53, jeni inayozuia saratani, na hali hiyo huitwa Li-Fraumeni, jina la madaktari wawili walioieleza mwaka 1969.

Chora ukoo. Vizazi vitatu, kwa mama na kwa baba, kila aliyepata saratani na umri aliopata. Sisi tulichora kwenye nyuma ya bahasha: mama yetu, saratani ya titi, miaka 36. Mjomba, uvimbe wa mfupa wa mguu, miaka 17. Tulikuwa tumeishi na habari hizo mbili maisha yetu yote na hatukuwahi kuziweka kwenye karatasi moja. Mimi, wa kazi hii.

Kipimo cha kuzaliwa nayo hakifanywi kwenye damu ya mtoto mwenye lukemia, maana damu hiyo imejaa ugonjwa. Mate nayo yana seli nyeupe za damu ndani yake. Kinachofaa zaidi ni kipande kidogo cha ngozi, seli zake zikuzwe maabara, na huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo kiombwe mapema. Kwenye ripoti ya DNA ya saratani kuna asilimia pembeni ya kila badiliko. Ikikaribia 50 ni fununu ya kuzaliwa nayo, si uthibitisho.

Neno la VUS likitokea, maana yake ni badiliko ambalo bado halijulikani kama lina madhara. Msifanye uamuzi wowote juu yake. Uliza baada ya mwaka mmoja au miwili kama limepangwa upya.

Na jambo la mwisho, ambalo husahaulika sana. Ndugu wa mtoto akifanana naye kwa vipimo vya kupandikiza, kila mtu hufurahi. Kabla hajatoa uboho wake, apimwe ile kasoro ya ukoo. Mpwa wangu wa kiume, miaka 15, alifanana na dada yake kwa kila kitu. Ngozi ya dada ilikuwa imetoa jibu: TP53. Kijana akapimwa, naye anayo. Uboho wake ungempa dada yake kasoro ileile iliyomuuguza. Mtoaji akatafutwa nje ya ukoo, na kwa sababu ya TP53 madaktari wakamwandaa binti kwa dawa tupu, bila mionzi ya mwili mzima. Usingoje uambiwe hayo. Yaulize.

Mimi nami nilipima. Uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu, na ripoti yangu niliifungua nikiwa kazini, nimevaa koti jeupe, kama vile ni ya mgonjwa. Sina. Mdogo wangu anayo. Binti yake yuko mwaka wa nne tangu apandikizwe, na alipoona namba zake kwenye faili aliniuliza, "Mama Mkubwa, kwa hiyo sasa uboho wangu ni wa nani?" Bado sijapata jibu linalomtosha.

Wote watatu, mdogo wangu na wanawe wawili, hupigwa picha ya MRI ya mwili mzima kila mwaka, ili kitu kikianza kionekane kikiwa kidogo. Mdogo wangu huwa wa kwanza kuingia. Chuma hakiruhusiwi mle ndani, kwa hiyo huvua hereni, pete na ile saa ya mama akanipa, nami hukaa nje kwenye benchi nimevishika mkononi mpaka atoke.